Mama Plasta Anastaafu, Madaktari Wapumue

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi na likizo tatu alizolazimishwa kuchukua, fundi mkuu wa maabara yetu ya uvimbe, Mama Plasta, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Uongozi umeniagiza niandike mazuri matupu. Nitajitahidi.

Alianza akiwa binti wa miaka ishirini na saba, kazi yake kuosha vioo. Baadaye alikabidhiwa mashine ya kukatia vipande, na tangu hapo ole wake aliyeigusa. Nyama ya uvimbe iliyozamishwa kwenye nta huikata nyembamba kuliko ganda la kitunguu, akaipaka rangi ili seli za kinga zionekane kwenye hadubini. Wataalamu watatu waliosoma ng'ambo walijaribu. Vipande vyao vilijikunja, naye akawaonyesha ufagio ulipo.

Kitengo chetu huchunguza kama tibakemikali, yaani dawa kali za saratani, inayotolewa kabla ya upasuaji huziita seli za kinga ndani ya uvimbe au huzitimua. Tunazihesabu kwenye kipande cha kabla ya dawa, kisha kwenye kile cha baada ya upasuaji. Mama aligundua mapema kwamba daktari akijua kipande ni cha "baada", macho yake huona seli nyingi zaidi, hasa mkutano wa kimataifa ukikaribia. Akaanza kubandika plasta ya vidonda juu ya kila lebo. Mkuu wa kitengo alilalamika kwamba anafanywa mshukiwa. Mama alimjibu kwamba mshukiwa angalau hupewa wakili. Mumewe, fundi seremala, anasema hata makopo ya chumvi na sukari nyumbani yamebandikwa; huonja kwanza ndipo atie kwenye chai.

Miaka sita iliyopita tulipokea kipande cha mwalimu wa shule ya msingi aliyeondolewa uvimbe wa titi. Kilijaa seli za kinga pomoni, saratani haionekani hata chembe. Ofisi nzima ilishangilia. Mkuu akachapisha bango la mkutano siku hiyohiyo, na ripoti ikaandikwa: uvimbe umekwisha, mgonjwa aende nyumbani, asiongezewe dawa.

Mama Plasta akakunja uso. Seli zile zilijipanga kwa makundi ya mviringo, nadhifu mno. Akasema hao hawakuitwa na mtu, wako kwao. Kumbe kilikuwa kipande cha tezi ya limfu, ambamo seli za kinga hukaa siku zote, dawa iwepo isiwepo. Tulikuwa tumewahesabu wenyeji sebuleni kwao tukatangaza kwamba wageni wamefika.

Aliizuia ripoti, akajifungia na kukata upya vibonge vyote kumi na tisa vya nta vilivyohifadhi nyama ya mwalimu, huku Mkuu akigonga mlango kila baada ya chai. Siku ya nne, kwenye kibonge cha kumi na saba, aliyakuta mabaki ya saratani, na seli za kinga za kuhesabika kwa vidole. Mwalimu akaongezewa matibabu. Mwaka huu anamfundisha mwanangu wa mwisho hesabu. Bango linaziba dirisha la stoo.

Kwa huduma hiyo Mama alitunukiwa barua ya onyo kwa kuchelewesha ripoti. Barua ilimtaka pia amtaje aliyechanganya tezi na uvimbe. Alijibu kwa mstari mmoja: maabara ni yake, kosa ni lake.

Mama, asante kwa kutusumbua. Tunakuombea afya tele, usingizi wa kushiba, na wajukuu watakaokubali kubandikwa. Leo Mkuu atakukabidhi saa ya ukutani na kutangaza kwamba faili lako halina doa. Nilikwenda masijala jana. Barua ya onyo bado imo. Nimeambatisha nyingine nyuma yake, yenye sahihi yangu, kwa sababu aliyehesabu tezi ile ni mimi.