Mpaka Euphrasie Afike

IMANI: Haloo? Nani mwenzangu?

HAMADI: Ni miye. Hamadi. Assalamu alaykum.

IMANI: Waalaykumu salaam, Mjomba. Leo si Jumapili.

HAMADI: Si Jumapili, hapana. Umeamuka muzuri?

IMANI: Mjomba, sasa ni mchana.

HAMADI: Bon. Umeshinda muzuri, basi. Iko mvua huko Auderghem?

IMANI: Ipo. Na huko?

HAMADI: Na huku. Nakupigia ku kabini ya simu ya barabarani, hapa Brussels katikati, Porte de Namur. Unasikia magari?

IMANI: Nasikia kama unakaanga samaki. Sogeza simu karibu na mdomo. Kuna nini? Bibi kifua chake kimetulia? Jumapili ulisema binamu Abdallah atampeleka kwa daktari.

HAMADI: Alimupeleka, ndiyo. Alimupeleka. Sema, uko na nani hapo?

IMANI: Hapa? Nitakuwa na nani tena. Niko mwenyewe.

HAMADI: Wale wenzako ba teyatri?

IMANI: Waigizaji wenzangu wameenda kula mjini. Walinikaribisha, mwanzoni. Wanapiga soga za chuo walichosoma pamoja, mwalimu fulani, kiti fulani kilichovunjika, wanacheka mpaka machozi. Mimi chuo sikwenda. Nakula chipsi na mayonezi hapa dirishani.

HAMADI: Na jirani?

IMANI: Jirani ni mama mmoja wa Kibelgiji na mbwa wake. Mbwa hunisalimia.

HAMADI: Alors, ule mama hawezi kuingia akae na wewe kidogo?

IMANI: Akae na mimi kufanya nini?

HAMADI: Hapana, nasema tu. Muntu asikae peke yake namna ile na mvua.

IMANI: Mjomba, hujanijibu. Daktari alisemaje?

HAMADI: Tutaongea. Nina carte ya simu muzima hapa, unités ziko mingi. Niambie kwanza mambo ya kazi yako.

IMANI: Kazi yangu? Hujawahi kuniuliza kazi yangu.

HAMADI: Leo nakuuliza.

IMANI: Wewe ndiye uliyesema kuigiza ni kusema uongo kwa mshahara.

HAMADI: Nilisema vile? Bon, niambie huo uongo. Tangu mwanzo. Usikimbie.

IMANI: Mwanzo unaujua. Mwanzo ni Buja, mtaa wa Buyenzi, kwa Bibi, Mama aliponiacha kwake akarudi Leicester kumaliza masomo ya unesi. Nilikuwa naiga wateja wake wa vitenge. Yule mama aliyekuwa akipapasa kitambaa, anauliza bei, anaondoka, anarudi, anauliza tena–

HAMADI: Mama Kasoki.

IMANI: Mama Kasoki. Bibi alikuwa ananiweka juu ya meza, anafunga mlango wa duka, anasema, haya, niletee Mama Kasoki. Halafu anacheka bila sauti, mabega tu.

HAMADI: Mabega, ndi–

IMANI: Mjomba?

HAMADI: Endelea. Niko hapa. Kisha ukarudi kwa wazazi wako.

IMANI: Nikarudi Uingereza, nikawa mtoto wa Leicester kama wengine. Nina miaka kumi na moja akaja mwanamke shuleni, anatafuta msichana wa tamthilia ya televisheni, mtoto wa bandarini asiye na mama. Akanitazama usoni muda mrefu, akasema huyu. Hata sikuwa nimefungua mdomo. Nikawa yule mtoto mpaka nikaanza kuota matiti, wakaniondoa.

HAMADI: Wakakuondoa namna gani?

IMANI: Wakamuua. Homa. Kitanda, mshumaa, watu wanalia. Nilipata barua kutoka kwa watoto nchi nzima wakinipa pole. Mpaka leo watu wananisimamisha barabarani Leicester wananiita kwa jina la yule mtoto. Langu hawalijui. Hapa Brussels hata sura hawaijui. Wiki ya kwanza nilifurahi sana. Sasa nikipita Chaussée de Wavre natamani hata mmoja anikosee jina.

HAMADI: Pole, mwanangu.

IMANI: Si kitu. Halafu filamu. Mtumishi wa nyumbani, anakufa. Msichana wa hospitali, anakufa. London nikapanda jukwaani, mwaka wa kwanza nabeba sinia tu, naingia, naweka, natoka. Huyo hakufa. Ndiyo maana hakuna anayemkumbuka.

HAMADI: [anacheka kidogo] Na kaseti mulituma Buja.

IMANI: Mama alituma, ya ile homa. Si ndiyo wakakusanyika pale kwenye video ya mtaani, Buyenzi nzima, na Bibi kiti cha mbele?

HAMADI: Abdallah alinieleza. Mama– Bibi yako akaona umelala na mushumaa, akasimama, akasema zimeni hiyo kitu. Ule mwenye video akasema, Maman, ni mchezo. Akamujibu, kifo hakina mchezo, kikikuona umelala vile kitarudi kukutafuta.

IMANI: Kesho yake akakaanga maandazi ya watoto wote wa madrasa.

HAMADI: Sadaka. Ili kile kifo kibakie ndani ya televisheni, kisitoke.

IMANI: Na kila nikifa, anakaanga. Mama anampigia, anamwambia Imani amekufa tena kwenye filamu, na Bibi anatuma mtu akanunue unga. Mjomba, nikuambie kitu? Huu mchezo wa sasa nilimwambia ni wa harusi.

HAMADI: Si wa harusi?

IMANI: Ni wa harusi, mwanzoni.

HAMADI: Na mwisho?

IMANI: Mwisho nakufa. Kila usiku, na Jumamosi mara mbili.

HAMADI: [anacheka] Jumamosi mara mbili. Wewe mutoto, ungemaliza unga ya Buyenzi yote. Ungemufilisi ule mama, haki ya Mungu, ungemu–

[Simu inakwaruza.]

IMANI: Mjomba.

HAMADI: Niko hapa. Ni mvua tu, line ni mubaya.

IMANI: Umemtuma nani?

HAMADI: Kumutuma wapi?

IMANI: Kwangu. Umemtuma mtu aje akae na mimi, na unanizungumzisha mpaka afike. Nani?

HAMADI: Euphrasie.

IMANI: Yule msusi wa hapo Matonge?

HAMADI: Ule. Ni mukristu, lakini ni muntu. Alifunga salon yake, akapanda metro. Kama amefika pale Hermann-Debroux atakuwa anauliza njia. Tumungoje.

IMANI: Nilikuwa na miaka sita, Mjomba. Asubuhi Bibi akanishika mkono tukaenda kwa jirani aliyekuwa na mwanawe dereva. Tukakaa mkekani. Akaja mwanamke mwingine, na mwingine. Wakaongea bei ya maharage. Wakaongea mvua, kama wewe. Yule mama akawa anatutazama mmoja mmoja, hakuna aliyemwangalia. Nyumba ilipojaa ndipo mzee mmoja akakohoa, akamwambia habari ya mwanawe. Njiani nikamuuliza Bibi, kumbe tulijua tangu asubuhi? Akaniambia, kuna habari haipewi mtu aliye peke yake. Ataanguka na hakuna wa kumdaka.

HAMADI: Njo vile. Njo vile alitufundisha wote.

IMANI: Ni yeye?

HAMADI: Usiniulize ku simu.

IMANI: Ni yeye, Mjomba?

HAMADI: Nakuomba. Uko peke yako mu ile nyumba, niko mbali, siwezi. Ungojee muntu afike.

IMANI: Nimepokea habari hizi mara nyingi, unajua? Ni kazi yangu. Napewa barua, nasoma, mkono unaanza kutetemeka, naketi. Mtu mmoja gazetini aliandika kwamba hakuna anayepokea msiba kama mimi. Na sasa sijui nishike nini.

HAMADI: Shika kiti. Kaa. Umekaa?

IMANI: Nimekaa.

HAMADI: Tia miguu chini.

IMANI: Nimetia.

HAMADI: Bon. Uko na maji? Kunywa maji.

IMANI: Wanazika leo?

HAMADI: Imani.

IMANI: Kama ni yeye, wanazika leo alasiri, na hata tungekuwa na pesa za tajiri, ndege haziendi Buja. Nchi imewekewa vikwazo. Sivyo?

HAMADI: Ndege haziende. Ata barua zinachelewa. Abdallah iko pale. Abdallah ni kijana muzuri.

IMANI: Na Mama? Mama yuko Leicester, yuko zamu leo, atarudi nyumbani–

HAMADI: Usiogope. Nimeshapanga. Jirani yake Mauwa na wale wamama ba musikiti wamemungojea ku mulango. Hatafika ku nyumba ikiwa tupu. Yeye ana watu.

[Kengele inalia upande wa Imani.]

HAMADI: Ni kengele ile?

IMANI: Ndiyo.

HAMADI: Al-hamdulillah. Ni Euphrasie. Mufungulie.

IMANI: Nikifungua utasema.

HAMADI: Nitasema, mwanangu. Njo kazi yangu.

IMANI: Nisipofungua?

HAMADI: Inalia tena. Anapigwa mvua.

IMANI: Dakika moja. Niache dakika moja tu, Mjomba, Bibi abaki dukani kwake anapima vitenge.

HAMADI: Abakie, basi.

[Kengele.]

IMANI: Mama ana Mauwa na wenzake. Mimi nina Euphrasie mlangoni. Wewe una nani?

HAMADI: Miye niko muzuri.

IMANI: Nani amesimama na wewe hapo?

HAMADI: Miye ni mukubwa, Imani. Nina ndevu nyeupe.

IMANI: Sikuulizi ndevu. Yule kwangu ni bibi. Kwako ni mama. Nani alikuwa na wewe ulipopewa?

HAMADI: Donc– Abdallah alinipigia pale ku duka ya simu, Chaussée de Wavre. Akaniuliza, Tonton, uko na nani? Nikasikia sauti yake, nikajua. Nilitaka aseme mbio, moyo yangu haikutaka kungoja. Nikamujibu, tuko wengi hapa, sema tu.

IMANI: Na mlikuwa wengi?

HAMADI: Kulikuwa miye na mashini ya kahawa.

IMANI: Mjomba wangu.

HAMADI: Nikatoka. Euphrasie akaniona mbele ya salon yake, akataka kukaa na miye. Nikamukatalia. Nikamwambia kimbia kwa mutoto, mutoto iko peke yake.

IMANI: Ukamfukuza mtu pekee uliyekuwa naye.

HAMADI: Nilitaka nikuje miye mwenyewe. Nilifika ku ngazi za metro. Miguu ikakatala.

IMANI: Umesimama sasa?

HAMADI: Niko chini. Ndani ya kabini, chini. Kuna muntu inje anagonga kioo, anataka simu. Anafikiri nimelewa.

IMANI: Mwache agonge.

HAMADI: Unajua kule ku nyumba ya wazee, kule kazini Uccle, wanakufa watoto bao hawako. Miye njo nawashika mukono. Nawaambia ndiyo maman, oui maman, niko hapa. Mama ba watu. Miaka yote ile nawashika. Na wangu–

IMANI: Usiseme.

HAMADI: Imani–

IMANI: Usiseme bado, nakuomba. Hata mimi usiniambie. Namfungulia Euphrasie, tunakuja huko. Tutakaa, wewe katikati, tuongee bei ya maharage. Ukisikia watu wametosha, ndipo utasema.

HAMADI: Na teyatri? Watu bamelipa viti. Saa mbili utapanda pale, hapana?

IMANI: Sijui. Sijui kama nitapanda. Sasa hivi natafuta viatu.

HAMADI: Usiache kazi yako juu yangu, mutoto, watakufukuza–

IMANI: Kabini ipi? Iliyo upande wa sinema au upande wa benki?

HAMADI: Upande wa sinema. Mais attends, kuna kitu inawaka hapa, inaandika carte inaisha. Inabakia kidogo sana.

IMANI: Usitoke hapo. Hata wakigonga.

HAMADI: Sitoke.

IMANI: Mwambie huyo wa nje uko na msiba. Kwa Kifaransa, polepole. Labda ni mtu pia.

HAMADI: Imani.

IMANI: Naam, Mjomba.

HAMADI: Niliambia kila muntu niko muzuri. Si kweli. Kuja mbio. Nachoka kumunyamazia peke ya–

[Simu inakatika.]

IMANI: Mjomba? Haloo? [Anaweka simu, anaenda mlangoni.] Nakuja, maman Euphrasie, nakuja, mlango huu unakwama. Karibu. Hapana, hapana, usivue koti.