Sasa Dirisha la Ukumbi wa Sita Lifungwe

Baada ya miaka ishirini na moja kwenye mahakama yetu ya rufaa, na mingine mingi ya uwakili na ujaji kabla ya hapo, Mheshimiwa Jaji Noreen Clegg amestaafu rasmi Ijumaa tarehe 31 Julai. Sheria inasema jaji akigonga sabini na tano, wigi chini, aende nyumbani. Amegonga, ameenda. Na sisi wafanyakazi wa Ukumbi wa Sita tumeshusha pumzi, kwa sababu lile dirisha sasa litafungwa.

Wasomaji wa jarida hili ambao hawajawahi kufika ukumbini kwake watadhani natania. Waulize mawakili wa London. Januari, theluji nje, dirisha wazi. Karatasi zinapeperuka, watu meno yanagongana, yeye juu pale katulia kama yuko ufukweni. Tulimsihi sana, tukachoka. Mimi kama mhudumu wa ukumbi nililalamika kidogo tu, maana glavu za sufu nilizokuwa nauza koridoni zilikuwa hazikai mkononi. Wakili mwenye baridi habishani bei.

Mheshimiwa ni mtu wa Rochdale. Baba yake dereva wa basi, mama yake mfumaji kiwanda cha nguo. Mashine za kule zilikuwa na kelele kiasi kwamba akina mama waliongea kwa midomo tu, bila sauti, na ukimwangalia mwenzio mdomoni unapata umbea wote. Binti naye akajifunza. Hiyo elimu, jamani, ndiyo iliyowatesa mawakili kuliko ile ya chuo kikuu. Siku moja Bwana Prentice, wakili mkubwa na tai yake ya hariri, alimnong'oneza mwenzake kule nyuma, "Huyu bibi leo atatumaliza." Mheshimiwa hata hakuinua kichwa. Akasema, "Bado, Bwana Prentice. Nikishakunywa chai."

Alipoanza uwakili Manchester, wanaume walikuwa wakimwona mlangoni wanampa makoti yao wakidhani ni wa mapokezi. Aliyapokea, akayatundika vizuri, akaingia ndani akawashinda kesi, halafu akawarudishia makoti yao. Mtu wa namna hiyo ukimpa ujaji unategemea nini?

Lakini wengi wenu mnamjua kwa jambo moja tu, na hilo jambo ndilo limenifanya niombe kuandika mimi, kabla hawajapewa wale wenye digrii. Mnamjua kama jaji aliyelala kazini. Bibi Mto. Haya, kaeni vizuri.

Ilikuwa mwaka wake wa kwanza kwetu. Kijana mmoja wa Swansea, Wyn Probert, fundi viti, alikuwa amefungwa miaka tisa kwa kuchoma karakana ya bosi wake. Shahidi alisema alimwona pale nje, chini ya taa ya barabarani, usiku ule wa moto. Probert akakata rufaa. Wakili wake alikuwa binti mdogo, rufaa yake ya kwanza, na alikuwa na hoja moja tu: hiyo taa haikuwepo. Watu wa manispaa walikuwa wameing'oa wiki iliyotangulia waitengeneze, na fundi wao alithibitisha. Basi. Hoja yote ni hiyo, na ilikuja baada ya chakula cha mchana.

Katikati ya jopo, ubavuni kwa Mheshimiwa Clegg, alikaa Sir Aubrey Fanshawe, mwenyekiti. Mzee mzuri sana, ila mchana ule alikuwa amekula pudingi ya nyama na figo, akaongeza na nyingine. Mimi kiti changu kiko pembeni, majaji wote watatu nawaona kama niko sinema. Wakili alipofika kwenye taa, Sir Aubrey alikuwa ameondoka zamani. Wigi limemshukia machoni, watu wa kule nyuma wakadhani anatafakari. Jaji wa tatu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa ameinama anaandika. Binti naye kwa woga hakutoa macho kwenye karatasi zake.

Hapa kwetu kuna dawa ya kienyeji ya tatizo hilo: unadondosha kitabu kinene cha sheria. Nikadondosha. Sir Aubrey akakoroma kidogo, akageuza shingo upande wa pili.

Alizinduka wakili ameshamaliza, anakaa. Akakohoa, akaweka wigi sawa.

"Tumesikia yote," akasema. "Sioni jambo jipya hapa. Rufaa hii..."

Juu kwenye viti vya wasikilizaji mama yake Probert akafumba macho.

"Samahani, mwenyekiti," akadakia Mheshimiwa Clegg. "Kabla hujamaliza. Mimi nimepitiwa na usingizi."

"Umelala?"

"Fofofo. Tangu tulipotoka kula sijasikia kitu. Wakili, niwie radhi mwanangu, anza upya pale kwenye taa."

Ukumbi ukapigwa butwaa. Waandishi wa habari kalamu zikawaka moto. Binti wa watu akaanza upya, na safari hii Sir Aubrey alikuwa macho kweli kweli.

"Taa ipi hiyo?" akauliza. "Haikuwepo? Sasa mbona hatukuambiwa?"

"Mnaambiwa sasa, Mheshimiwa," binti akasema.

Majaji walitoka, wakarudi chai haijapoa, rufaa imekubaliwa. Probert akaenda nyumbani na mama yake jioni ile ile.

Mheshimiwa alinikuta koridoni napanga glasi za maji.

"Sid, leo umeona nini?"

"Nimemwona mzee ana..."

"Hujaona."

"Sijaona, Mheshimiwa."

"Nikisema yeye kalala, atakataa, tutagombana, kesi itapelekwa kwa majaji wengine mwakani na yule kijana anarudi ndani kusubiri. Nikisema nimelala mimi, nani atanibishia?"

Kweli hakubishiwa. Kesho yake gazeti likaandika kwa herufi kubwa: JAJI ASINZIA, MFUNGWA AENDA ZAKE. Krismasi mawakili wakamtumia mto. Aliupokea, akaushukuru, akaukalia. Nafasi kwenye mahakama ya juu kabisa zilifunguka mara mbili, zikampita. Mimi wa kubeba maji mambo ya wakubwa nitayajulia wapi, ila koridoni walikuwa wanasema waziwazi, utampelekaje kule mtu anayelala? Yeye akala jiwe. Alichofanya ni kimoja tu. Kuanzia asubuhi iliyofuata kila akiingia anasema, "Sid, dirisha." Watu wakacheka kwamba anajizuia asisinzie. Kumbe alikuwa anawazuia wengine.

Sasa tuje siku ya kuagwa. Mnajua desturi yetu: anayeondoka anakaa juu, wenzake wanajipanga kulia na kushoto, mawakili wanajaa mpaka mlangoni, halafu anasifiwa usoni na haruhusiwi kukimbia. Sir Aubrey aliletwa kwa kiti cha magurudumu, amepita tisini, shali shingoni kwa sababu dirisha analijua. Juu kwenye viti vya wasikilizaji alikaa mtu mmoja mwenye mvi, peke yake, hakuna aliyemtambua.

Mkuu wetu wa mahakama akasoma sifa, akafika pale pale wanapofika wote. "Na nani atasahau," akasema, "ile alasiri dada yetu alipoamua kupumzisha macho!" Ukumbi mzima kicheko. Mheshimiwa naye akatabasamu, kama alivyozoea.

"Anasema nini?" akauliza Sir Aubrey kwa sauti ya mtu ambaye masikio yameshaaga.

"Anasema Clegg alilala kwenye kesi!" jirani yake akampigia kelele.

"Ile ya pudingi? Lakini nililala mimi!"

Mkuu akashusha hotuba yake. Unasikia karatasi zinapeperuka tu.

"Mimi nilidhani tumelala wote wawili," mzee akaendelea. "Nikajisemea afadhali, mwenzangu kakiri, mimi nitulie. Wewe wa glavu! Ulikuwepo. Alilala, hakulala?"

Nikamwangalia Mheshimiwa. Akainua mabega, kama anayesema imeshamwagika hiyo.

"Hakulala, mzee. Hata jicho moja hakufumba."

Jamani, miaka yote ile nimebana hilo neno kifuani. Nilipolitoa nilihisi nimevua buti lililobana. Sir Aubrey akamgeukia Mheshimiwa. "Noreen, na mto wangu ukaukalia wewe?"

"Ulikuwa mlaini, Aubrey," akajibu.

Hapo yule mwenye mvi kule juu akasimama. "Samahanini," akasema. "Mimi ndiye Probert."

Akasema baa ya kwao Swansea wanamwita Mtoto wa Usingizi. Kila Jumamosi. Wanamwambia hakutoka jela kwa kuwa hana hatia, ametoka kwa kuwa jaji alilala.

Hapo ndipo nilipomwona Mheshimiwa akibadilika rangi kwa mara ya kwanza. "Miaka yote hiyo?" akauliza. "Nilidhani nimebeba peke yangu."

"Usijali, mama. Marehemu mama yangu alikuwa akisema, 'Yule bibi alikuwa macho, nilimwona mimi.' Tukadhani ni uzee." Akaangalia saa yake. "Kuna treni ya saa kumi na moja. Nitaikuta baa bado wazi."

Ukumbi ukalipuka. Mawakili wanapiga meza, Sir Aubrey anacheka na kulia pamoja, Mkuu anageuza geuza hotuba yake hajui aanzie wapi kufuta. Katika kelele zile Mheshimiwa akanitafuta kwa macho, akaongea kwa midomo tu, kama akina mama wa kiwandani. Mtu ukikaa naye muda mrefu hivyo nawe unajifunza. Nilimsoma vizuri kabisa.

"Sid, funga dirisha."

Nikafunga. Glavu zilizobaki ziko kwangu, bei tutaelewana.

Mheshimiwa Clegg, kwa niaba ya wabeba maji, makarani, walinzi na wote uliotugandisha, asante. Nenda Rochdale ukapumzike, chai yako iwe ya moto, na magoti yako yasikusumbue. Kitabu hakuna atakayedondosha. Tunakutakia usingizi mnono, wa mchana na wa usiku, na safari hii ulale kweli.

Sid Pluckrose,
Mhudumu, Ukumbi wa Sita