Kiti cha Marlies

Aliyeisimulia habari hii kwanza ni Annegret Piontek, mwenye kibanda cha kona cha kahawa na maziwa huko Gelsenkirchen, watu walipokuwa wakinywa kahawa baada ya mazishi ya mzee aliyeitwa Wakili, Machi 2022. Mambo yenyewe yalikuwa ya asubuhi moja ya Mei 2018. Kwenye benchi la mbele ya kibanda walikaa watatu: Wakili, aliyepewa jina hilo baada ya kumshtaki jirani kwa urefu wa ua wa bustani na kushindwa mara mbili, Njiwa, mchimba makaa mstaafu aliyefuga njiwa wa mashindano, na Wilfried, asiye na jina la utani kwa kuwa hakuwa msemaji. Wilfried alikuwa ametoka kwa mkaguzi wa magari, na karatasi aliyopewa alikuwa ameikunja mara nne.

— Haya, itoe tuione, alisema Wakili. Umepata H?

— Sijapata.

— Gari aina ya Kadett, la mwaka themanini na mbili! Sheria inataka miaka thelathini tu, bwana!

— Umri si tatizo. Rangi ni ile ile, injini ni ile ile, kutu hakuna. Mkaguzi amelisifu kweli. Halafu akafungua mlango wa abiria.

 Kiti cha abiria walikijua wote. Marlies, mkewe Wilfried, alipopatwa na kiharusi mwaka 2005, Wilfried aling'oa kiti cha awali akafunga kingine kinachogeuka, ili mkewe ashuke bila kuinuliwa. Na gari haliandikishwi kuwa la kihistoria, wala halipewi ile herufi H mwishoni mwa namba yake, mpaka liwe kama lilivyotoka kiwandani, au libadilishwe kwa vitu vya enzi zake.

— Mbona ulikuwa ukiingia nalo mjini miaka yote, na moshi wake ule? aliuliza Njiwa.

— Kwa kitambulisho cha ulemavu cha Marlies. Gari linalombeba mlemavu linaachwa lipite. Kitambulisho nilikirudisha Novemba, baada ya mazishi yake.

 Bila H, gari kuukuu lenye moshi mwingi halikuruhusiwa kuingia katikati ya mji, na makaburi yalikuwa huko. Tangu Novemba, kila Jumapili alipanda tramu na kopo la kumwagilia maua mapajani.

— Sikiliza, alisema Wakili. Tunamwandikia mkaguzi barua. Gari lilitoka na kiti hicho kiwandani. Toleo la maaskofu.

— Askofu gani anapanda Kadett, wewe?

— Mwenye magoti mabovu!

— Ndiyo maana ulishindwa ile kesi ya ua. Wilfried, nisikilize mimi. Unaweka kikapu cha njiwa juu ya kiti. Mkaguzi akinyoosha mkono, anadonolewa. Atasaini akiwa nje.

— Atasaini kwa damu, labda. Wewe njiwa wamekula akili zako. Njia ni moja tu: Wilfried naye awe mlemavu. Anaanguka ngazini kidogo, anapata kitambulisho chake mwenyewe, kiti kinabaki.

— Ngazi ngapi? aliuliza Wilfried.

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Njiwa alimtazama, akaweka kikombe chini.

— Mzee mwenzangu, kile kiti cha zamani ninacho. Uliniachia mwenyewe. Kipo bandani, nimekifunika vizuri. Bolti nne tu. Nusu saa.

— Najua, alisema Wilfried.

Alijua tangu mkaguzi alipofungua ule mlango. Alijua hata spana zilipolala. Alichotaka ni mtu wa kumwambia haiwezekani.

— Basi tumemaliza! Wakili alipiga goti. Kesho kiti kinatoka, wiki ijayo H, Jumapili uko kwa Marlies!

Mwanamke aliyehamia ghorofa ya juu wiki ile alikuwa dirishani pa kibanda na mfuko wake wa mikate, akisubiri maziwa. Aligeuka.

— Samahani, wazee wangu. Hicho kiti cha mama kikishatoka, kitakwenda wapi?

 Njiwa alitazama juu ya mapaa, kana kwamba kuna ndege wake aliyechelewa. Wilfried aliikunja karatasi mara ya tano. Annegret akainua chupa ya kahawa kuwamiminia, haikutoa kitu.

Njiwa alifariki mwaka 2020, Wakili mwaka 2022. Annegret yu hai, ila kibanda alikifunga. Yule mwanamke naye yu hai. Anaishi Hamburg sasa. Wilfried yu hai, ana miaka themanini na minne, na gari lina H yake. Kiti kiko jikoni kwake, amekifunga sakafuni kwa bolti zile zile nne. Asubuhi hukigeuza kielekee meza. Akimaliza kula, hukigeuza kielekee mlango.