Aliyekuwa Amelala Ndani Yangu

Amani iwe kwenu, mama zangu, na nyinyi akina baba mlioketi karibu na mlango. Mimi si msemaji, nivumilieni.

Wengi mwanijua tangu nilipofika hapa Changamwe na mume wangu, aliyekuwa mtu wa reli. Wakati wa vita homa ilimchukua, nikabaki na binti anyonyaye. Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo wakaja kutoka Rabai. Walisema nitarithiwa na shemeji yangu, mwenye wake wawili tayari, na nikikataa, mtoto ni wao. Nikamkimbilia mzee wa kanisa. Akaniambia, "Mwanangu, mwanamke ni wa kutii."

Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa kama mtu aliye chini ya maji. Watu waniita, nasikia kwa mbali.

Jirani yangu mmoja, mkunga, alikuwa akija kunisomea Injili nikinyonyesha. Adhuhuri moja ya masika, mvua yapiga makuti, akasoma pale Bwana alipolala chomboni na mawimbi yakaingia. Mimi nikasinzia. Haukuwa usingizi, wala sikuwa macho. Nikaona chombo kile ni kifua changu mwenyewe. Maji yanajaa, naye amelala humo, nasikia pumzi yake ndani ya pumzi yangu. Miaka yote nilimtafuta kwenye vinywa vya watu, kumbe yumo humu humu!

Nikauliza, "Dada, nani alimwamsha?"

"Wale waliokuwa wakizama."

"Basi nami nimwamshe?"

Akafunga kitabu, akanitazama. "Mwamshe."

Nikalitaja jina lake, polepole, kama umwamshavyo mtu umpendaye. Kukawa shwari. Nje mvua ilizidi, mama zangu. Shwari ilikuwa ndani.

Wazee waliporudi kunichukua, shemeji akiwa nao, yeye akauliza, "Umefunga mizigo?"

"La, shemeji. Siendi, na mtoto haendi."

"Nani amekupa ruhusa?"

"Aliye ndani yangu."

Wakacheka. Mkubwa wao akauliza, "Huyo si pepo?"

Nikamjibu, "Baba, pepo humtetemesha mtu. Huyu amenituliza."

Shemeji akanyoosha mkono kumchukua mtoto. Sikurudi nyuma, wala sikupiga kelele. Nilimtazama tu. Yule mkubwa wao akasema, "Mwache." Wakachukua kitanda na baiskeli ya marehemu, wakaenda zao. Nililala sakafuni na binti yangu, na sijapata kulala vizuri vile.

Namshukuru mkunga yule, aliyenisomea asinifafanulie, akaniacha nione mwenyewe. Namshukuru na yule mzee wa ukoo. Neno lake moja liliniachia mwanangu.

Nanyi mlio njia panda leo, wazee waheshimuni, wahubiri wasikilizeni. Lakini kabla hujamjibu mtu, nyamaza, usikilize kifuani mwako. Sauti ikikutisha, ngoja kwanza. Ikikutuliza hata ukaweza kusimama, inuka, uifuate.