Chungu Chenye Mdomo Uliopinda

Weka mkono kifuani uniapie kwamba haya hayatoki kwako. Umeapa? Mimi niliapa hivyo hivyo mbele ya Dorkasi, mdogo wangu, mwaka ule Waingereza walipotulazimisha kulima matuta. Basi sikia: mumewe, Nikodemo, alikuwa akifinyanga vyungu. Na kwetu milimani ufinyanzi ni wa wanawake. Mwanamume akigusa udongo ule, husemwa vyungu vya wote vitapasuka motoni. Akikamatwa hutozwa mbuzi, na mkewe hachoti tena udongo shimoni. Lakini vidole vya Dorkasi vilikuwa vimekakamaa kwa maradhi ya viungo, na vyungu ndivyo vilivyowalisha. Ikawa yeye anaelekeza akiwa kitandani, mume anafinyanga. Cha kwanza kililala upande kama mlevi. Cha pili mpaka cha saba vilipasuka vyote, vigae akavizika migombani. Akaanza cha nane.

Wiki hiyo hiyo, vyungu tisa vya Efrazia, mkubwa wa wafinyanzi, vikapasuka siku moja.

Asubuhi ya soko pale Lushoto, kwenye benchi la kahawa, nami nikiuza maandazi pembeni, hapakuwa na habari nyingine. Bakari, tuliyemwita Wakili kwa kuwa aliwahi kufagia bomani, alisema makosa ni ya matuta, yameuchokoza udongo wa chini. Ramadhani Mombo, ambaye kila habari aliitoa mjini Mombo, akakataa. Ni nyani wa msitu wa Magamba anayeiba udongo, yeye mwenyewe ameziona nyayo zake shimoni.

— Nyani udongo anaupeleka wapi? Wakili akauliza.

— Anafinyanga. Miaka yote anawatazama wanawake, kazi nyingine hana.

— Na anachomea wapi?

— Hajafika huko. Bado anajifunza.

Nikodemo alikaa katikati yao, kikombe mkononi, hanywi. Ulimi ukaniwasha.

— Na wewe shemeji, unaonaje, nyani huyo atafaulu?

Alinitazama mpaka nikageukia maandazi yangu.

— Akirudia rudia, alisema polepole.

Hapo Efrazia akatokea na wanawake sita. Hakumpa mtu shikamoo, tukajua mambo yameharibika. Akaweka benchini chungu kibichi, hakijachomwa, mdomo umepinda kidogo, ubavuni alama za vidole vinene vya kiume. Wamekikuta karibu na shimo, kimefunikwa majani ya migomba. Ndicho kile cha nane; Nikodemo alikificha huko kwa sababu nyumbani kwao wageni hawakauki.

— Mwenye hiki yuko hapa sokoni, alisema Efrazia. Siondoki mpaka nimjue.

Wakili akaanza kueleza kwamba bomani hutakiwa shahidi. Ramadhani akasema alama zile ni vidole vya nyani kabisa, akainuka kutuonyesha. Benchi likayumba, chungu kikateleza.

Nikodemo alikidaka kabla hakijagusa chini. Angekirudisha tu, yangekwisha. Lakini mdomo ulikuwa umebonyea pale alipoushika. Akakipakata, akachovya kidole gumba kwenye kahawa yake, akaanza kuuzungukia mdomo ule taratibu, mkono wa kushoto ukikigeuza chungu kwa ndani, ncha ya ulimi imetoka pembeni. Alama ya kubonyea ikapotea. Akaendelea, mpaka mdomo wote ukanyooka.

Alipoinua macho, soko zima lilikuwa limemzunguka, na Efrazia amesimama mbele yake, anaitazama mikono.