Hapa Si Mahari pa Takataka

Kijiwe chetu hapa Kipsongo ni mkokoteni wa Kibiwott. Gurudumu lilipata pancha Desemba akitoka kupeleka mahindi sokoni, akauegesha kando ya banda la kahawa la Nabwile kwa siku mbili tu, na tangu hapo tumeukalia. Kibiwott tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu kiti ni chake. Mbele yetu kuna mtaro. Wiki iliyopita ulijaa chupa za plastiki, nepi na maganda, maji yakakosa njia yakaingia nyumbani kwa Jerono, na mtoto wake akaharisha siku nne. Ndipo afisa wa afya akaja na kitabu chake, akamwambia Nabwile kwamba akirudi Ijumaa akute taka bado iko hapo, atafunga banda. Nabwile anasomesha watoto watatu kwa hilo banda. Jumamosi tukazibua mtaro kwa majembe, na Wangila, yule tunayemwita Brashi kwa kuwa huandika mabango ya vinyozi na bucha, akapigilia ubao wake: HAPA SI MAHARI PA TAKATAKA. Brashi ni mtu wa Bungoma, l kwake ni r, na anavyotamka ndivyo anavyoandika. Leo ni Alhamisi na hakuna aliyetupa hata ganda la ndizi. Kwa nini? Hapo ndipo mabishano yalipoanzia.

JERONO (anauza mboga za sukuma, tunamwita Wakili, hajawahi kushindwa kwa maneno): Watu wameogopa hiyo neno. Mwanaume akiona mahari anakumbuka shemeji zake, anageuka na ndoo yake.

BRASHI: Kwani shida iko wapi? Mahari ni mahari. Mahari pa kukaa, mahari pa kurara.

MWENYEKITI: Shida ni ati umeitisha ng'ombe za takataka, bana.

JERONO: Na takataka haijaolewa. Ndiyo maana imetoroka.

BRASHI: Chekeni tu. Ire ubao ya kwanza iriandikwa Kiswahiri safi, ikakaa hapo miaka miwiri, na watu warikuwa wanatupia taka chini yake.

Hapo alisema kweli, na ukweli wa Brashi huwa unatuudhi. Nabwile akatuongezea kahawa. Macho yake yalikuwa kwenye mtaro, kama mtu anayechunga maziwa jikoni.

MWENYEKITI: Mimi nawaambia ni kamera. Angalieni ile msumari ya juu. Si iko na tundu?

JERONO: Hiyo tundu ni ya msumari nyingine, alipigilia vibaya.

MWENYEKITI: Ndiyo wanataka ufikirie. Ukitupa nepi hapa, wanaiona Nairobi.

BRASHI: Hakuna kamera. Ni rangi. Hiyo nyekundu iribaki nikichora msaraba wa kanisa kure Lugulu. Mtu akikaribia na taka, roho inamkataza.

MWENYEKITI: Basi afadhali niseme ile kitu baba yangu anasemanga huko Saboti. Mlima imechoka. Miaka yote tunachoma plastiki, moshi inapanda huko juu, inakohoa. Sasa Elgon imeteremsha upepo ya kurudisha watu akili.

JERONO: Upepo ya akili imefika Kipsongo, ikakuruka wewe.

Tulicheka. Nabwile hakucheka.

— Mimi sitaki kujua ni nini, akasema. Nataka ikae hivyo mpaka kesho. Hiyo tu.

Nilimhurumia, nikameza kahawa yangu haraka ili nisimtazame.

Ndipo akaja mama mmoja ambaye hakuna aliyemfahamu, amebeba ndoo iliyofunikwa na gunia. Alisalimu, akasema anaitwa Chepkosgei, anakaa kule chini kwenye kona.

— Ni nyinyi mumeweka hii ubao?

— Ni mimi, mama, akasema Brashi, akajinyoosha.

— Ni nzuri. Nilicheka mpaka nikarudia kuisoma. Kila mtu anaisoma. Halafu anashuka na taka yake mpaka kwa kona, anamwaga kwa mlango yangu. Tangu Jumapili.

Kamera, rangi ya msaraba na mlima Elgon, vyote vilikuwa vimemalizikia mlangoni kwa mama huyu.

— Sikuja kugombana, akaendelea. Hii ndoo ni ya kwangu mwenyewe, ya leo. Nauliza tu. Kama hapa si mahari, mahari ni wapi?

Wakili akamgeukia Mwenyekiti ajibu yeye. Sijawahi kuona jambo hilo.

— Kuna dampo ya kaunti, Mwenyekiti akasema. Lakini ni mbali, mama. Huwezi kubeba kwa mkono. Inataka kitu iko na magurudumu.

Nabwile akageuka, akatazama tulichokalia.

— Iko na pancha, Mwenyekiti akasema polepole.

Sasa wote wakanitazama mimi. Sijasema bado kazi yangu. Mimi ni fundi wa pancha. Tangu Desemba nimekuwa nikikalia pancha ile kila asubuhi, na sababu ni moja tu: ningeiziba, tungekosa pa kukaa. Niliona aibu, nasema wazi. Nikasimama, nikaenda kuchukua gundi ya solusheni na pampu.

Ilinichukua nusu saa. Miezi yote hiyo, na kazi ilikuwa ya nusu saa.

Adhuhuri mkokoteni ulikuwa umeenda mara mbili kusafisha mlango wa Chepkosgei, kisha ukarudi ukasimama kando ya ubao. Ndoo yake ndiyo ya kwanza kumwagwa ndani. Maganda yaliwekwa kando kwa ajili ya mbuzi wa Jerono. Mwenyekiti akaapa kuupeleka dampo kila ukijaa, na Brashi akachovya brashi, akaandika ubavuni: MAHARI NI HAPA.

— Wacha nirekebishe hiyo herufi, Jerono akasema.

— Usiguse, akasema Nabwile. Ile ya Kiswahili safi nani aliisoma?

Ijumaa saa nne afisa wa afya akafika. Alitazama mtaro, maji yalikuwa yakipita. Alisoma ubao, akasoma mkokoteni, akaziba mdomo kwa kitabu chake asionekane akicheka. Halafu akatuangalia sisi, tumepanga mstari ukutani na vikombe mkononi.

— Na nyinyi mbona mumesimama?

Nabwile akammiminia kahawa, akampa.

— Kiti iko kazini, akasema. Hata wewe utasimama.

Akanywa akiwa amesimama.