Kichupa Tulichokizika

Kijiwe chetu kiko nje ya ofisi ya vifurushi vya mabasi, Garissa, kwenye benchi ambalo mguu wake mmoja ni matofali. Mwenye birika ni Madino, na kahawa yake ya tangawizi ndiyo inayotutoa nyumbani. Siku ile tulikuwa wanne. Mzee Bishar tunamwita Waziri, kwa kuwa aligombea kiti cha wadi mara tatu na bado anaongea kama aliyeshinda. Asubuhi alikuwa amempeleka mjukuu wake Sabrin hospitalini kutolewa damu. Mtoto ana miaka sita na hawezi kusimama bila kushikwa. Yarrow anauza dawa za mbuzi, basi ni Daktari. Hamse ni wa bodaboda. Wa nne ni mimi, ambaye sikusema neno, na kwa hilo sijisamehe.

Hamse alikuwa amechukua boksi jeupe la kupeleka maabara ya hospitali, akasimama anywe kikombe kimoja tu. Daktari akaweka kahawa yake juu ya boksi, akajaribu kusoma karatasi ya ubavuni, Kizungu kikamshinda.

— Soma wewe, akamwambia Hamse. Wewe ulifika fomu foo.

— Inasema protini ya binadamu. Ya utafiti pekee. Halafu kitu kuhusu kusafirisha, ndani ya seli.

— Ya nani? akauliza Waziri.

— Ya binadamu, mzee. Si ya ng'ombe.

— Mnaona? akasema Daktari. Hii ilitoka kwa mtu, na mtu hatoi mwili yake kwa hiari. Kuna jamaa wa kule Hulugho alipotea na ngamia. Ngamia walirudi, yeye hapana.

— Na imeandikwa kusafirisha, akaongeza Waziri, ambaye p zake zote hutoka b. Wanabitisha watu kibande kibande, bolisi wa barabarani asijue.

— Mzee, akasema Hamse akifungua boksi, hii ni kachupa saizi ya kidole. Msee ataingiaje hapo?

— Wewe Hamse, mtu akikatwa kidole hosbitali, tunazika ama hatuziki?

Hamse akakubali kwamba tunazika. Mguu wa Kulow uko makaburini miaka saba sasa, na Kulow mwenyewe anauza maziwa sokoni.

— Basi hii ni maiti, akasema Waziri. Wallahi haibandi bikibiki tena.

Baada ya swala ya adhuhuri tulikwenda. Tulikifunga kichupa kwa kitambaa cheupe, Waziri akachimba kwa mikono yake mwenyewe, tukakilaza kuelekea kibla kwa kukisia, maana chupa haina uso. Barafu ya ndani ya boksi Daktari aliichukua kwa chanjo zake za mbuzi. Tukarudi benchini tumeridhika, tukakaa hadi alasiri.

— Wangetengeneza watu huko maabara, akasema Daktari. Watu wazima, wenye vitambulisho.

— Na kura, akasema Waziri. Sasa najua nani alinishinda.

Tukacheka. Hapo ndipo alipofika Idil, binti kutoka Sangailu anayefanya utafiti pale maabara, koti limemganda mgongoni kwa jasho.

— Hamse, boksi yangu iko wapi?

Hamse akamweleza yote, macho chini. Idil akakaa ukingoni mwa benchi.

— Ile haikutoka kwa mtu, adeer, akamwambia Waziri, akimwita ami kwa heshima. Ni bakteria waliitengeneza, ndani ya tangi. Walipewa maagizo ya mwili wa mtu, wakapika kitu ileile.

— Ya kazi gani?

— Seli iko na mizigo. Inatengenezwa hapa, inahitajika pale. Kwa hawa watoto wagonjwa mzigo inakwama njiani, na hatujui ni wapi. Hiyo protini ndiyo ingetuonyesha. Nimeingoja miezi mitano. Watoto wametolewa damu leo asubuhi, na kesho seli zao zitakuwa zimekufa.

Waziri aliweka kikombe chini.

— Sabrin wangu, akasema.

— Najua, adeer. Ni mimi nilimtoa damu.

— Tukifukua? akauliza Daktari.

— Masaa matatu kwa mchanga moto, bila barafu? Imeharibika.

— Si wataleta ingine, akasema Waziri polepole.

— Wataleta. Na watoto tutawadunga tena. Wale watakuwa bado wako hai.

Idil akavuta lile boksi tupu kutoka chini ya benchi, akaugeuzia kwetu mfuniko wake. Alama ya kikombe cha Daktari ilikuwa imekauka juu ya karatasi nyekundu iliyobandikwa hapo, na maandishi bado yalisomeka vizuri, kwa Kisomali na kwa Kiswahili: Ukiwa na swali, nipigie, Idil. Chini yake namba ya simu.

— Niliomba wakala wa Nairobi abandike hii, kwa sababu nilijua itapita kwa mikono ya watu wetu. Simu yangu imekuwa wazi tangu asubuhi. Kwa nini hakuna mtu alinipigia?

Hamse akamtazama Daktari, Daktari akamtazama Waziri. Mimi sikumtazama mtu. Namba ile nilikuwa nimeiona kabla hatujakwenda makaburini, na simu ilikuwa mfukoni mwangu.

Madino akaja na birika, akaliinamisha. Halikutoa kitu, na Waziri akabaki amenyoosha kikombe.